Sabumita ya elfu 22 ya Kariakoo: ugomvi wa LUKU umeisha, umekuja mwingine

Nilisema nikikaa nacho miezi mitatu ndo niandike, mitatu ikapita, sita ikapita, leo mwezi wa tisa kidude kipo ukutani kinapepesa taa yake nyekundu kama kawa, kwahiyo naona sasa nina haki ya kusema. Kama unakaa peke yako kwenye nyumba ya geti na LUKU yako, yani mita ya umeme ya kulipia kabla, hii haikuhusu sana, pita tu. Hii ni ya sisi wa nyumba za kupanga, vyumba sita korido katikati, choo na bafu uani, na LUKU moja pale mlangoni inatuangalia wote tukitoka na kuingia.

Kitu chenyewe kinaitwa sabumita, mafundi wengine wanaita mita ndogo, mi nakiita kimita. Ni kale kamita ka kufunga ndani baada ya LUKU, kila chumba na chake, kazi yake ni moja tu, kuhesabu umeme uliopita kwenda kwenye hicho chumba. Hakikati umeme, hakihitaji tokeni, hakiongei na simu, kinahesabu basi. Kinaenea kiganjani, cheupe, mbele kina kioo na nyuma ya kioo namba sita za kuzunguka kama zile za mita za maji za zamani, tano nyeusi na ya mwisho nyekundu. Hiyo nyekundu ikumbuke, tutarudi kwake, maana nusura iuze jirani yetu.

Sasa kwanini tulikinunua. Sisi tupo Mwananyamala, mule ndani ndani, nyumba ya Kiswahili ya zamani. Chumba cha mbele kuna Mzee, mstaafu wa bandarini. Anayetazamana naye ni dada nesi, anaingia sana shifti za usiku. Wa katikati kijana wa bodaboda na mbele yake wanandoa wapya, hata mwaka hawajamaliza. Mwisho kabisa huku uani mimi na Mama Vitumbua na wanae watatu. Mama mwenye nyumba anakaa Kigamboni, tunamuona mwisho wa mwezi na siku ambayo kuna msiba.

Utaratibu wa umeme ulikuwa kila chumba elfu kumi kwa mwezi, mimi elfu kumi na tano kwasababu nina friji, nauza barafu na juisi ya ukwaju na maji baridi hapo dirishani. Jumla elfu 65. Ukitoa 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa humohumo kwenye LUKU kila mwezi unabaki na yuniti kama 178 hivi, maana yuniti moja na makodi yake yote inacheza kwenye 356. Hizo yuniti 178 zilikuwa hazifiki mwisho wa mwezi. Tarehe 23, 24 mita inaanza kulia, piii, piii, na ukiwa unakaa nyumba ya kupanga unaijua hiyo sauti, inalia saa nane usiku na wote mko macho na hakuna anayeamka, kila mtu anavuta shuka anasema ngoja aamke mwenzangu. Asubuhi giza, ndo kikao cha korido kinaanza. Nani ana pasi, nani kalala na tivii inawaka, nani ana wageni wiki ya pili wanaoga maji ya moto.

Na mi nisiwe muongo, kwenye hivyo vikao mi ndo nilikuwa na mdomo kuliko wote. Mshukiwa wangu alikuwa bibi harusi wa chumba cha nne, kwasababu ana birika la umeme. Kila asubuhi nalisikia linaunguruma, jioni linaunguruma, nikasema basi, huyu ndo anatumaliza. Nilimwambia kabisa mbele ya watu, mdogo wangu hilo birika linakula umeme kama jini, chai pika kwenye gesi kama sisi. Hakunijibu, akaingia ndani. Toka siku hiyo salamu ikawa ile ya "za asubuhi" huku anaangalia ndoo.

Lakini nisiseme LUKU ya pamoja ilikuwa ubaya mtupu. Mnakumbuka 2024 pale TANESCO, shirika la umeme, walipotutaka tuboreshe mita kabla ya tarehe 24 Novemba, ukinunua umeme unaletewa namba mafungu matatu, kila moja namba ishirini, unaingiza mbili za mwanzo ndo uingize ya umeme? Siku hiyo nyumba nzima tulikuwa pale mlangoni. Mzee kavaa miwani anasoma kwenye simu ya nesi, nne nne, "sifuri saba moja moja, haya bonyeza," mi nabonyeza, mtoto wa Mama Vitumbua anatumulikia tochi, boda anasema mmekosea rudieni, tumerudia ya pili mara mbili. Namba sitini! Umeme uliporudi korido nzima ilipiga kelele kama Simba wamefunga. Siku nyingine LUKU ikiisha mtu ananunua kwa simu yake kwanza, hesabu baadaye, na hiyo baadaye mara nyingi ilikuwa haiji. Mzee ndo alikuwa ananunua sana. Hiyo nayo ikumbuke.

Aliyeleta wazo la kimita ni boda. Alimpeleka abiria nyumba moja Tandale akaviona ukutani, akarudi anasema jamani kuna dawa. Tukapigiana hesabu, mama mwenye nyumba tukampigia simu, jibu lake, "mi sikatazi, ila ukuta wangu msiutoboe hovyo, na hela mi sitoi." Sawa mama.

Nikaenda mwenyewe Kariakoo na boda, mitaa ya vifaa vya umeme huko upande wa Gerezani. Maduka yamejipanga, kila duka wana vimita, bei ya mdomoni elfu 28, ukigeuza mgongo 25, tulichukua sita kwa elfu 22 kila kimoja. Kuna na vya kidijitali vyenye kioo cha kuwaka, hivyo viko juu zaidi, na kuna vya kulipia kabla kama LUKU ndogo, hivyo bei yake nilicheka nikaendelea na safari. Vyetu vya namba za kuzunguka. Nilivigeuza geuza kutafuta stika ya Wakala wa Vipimo sikuiona, muuzaji ananiambia "dada hivi ni vya kugawana tu ndani, siyo vya kuuzia," nikaona hoja yake ina mantiki kidogo na mashaka kidogo.

Hapo ndo malalamiko yangu ya kwanza. Kati ya sita kimoja kilikuwa kibovu. Taa inapepesa vizuri kabisa, namba hazitembei. Tuligundua kikiwa kishafungwa, siku tatu nesi anaonekana hajatumia hata robo yuniti, watu wameshaanza kumuangalia vibaya eti kampa fundi kitu kidogo. Nimerudi dukani na kimita na risiti, wakaniambia kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudi. Nikakaa. Yani nilivuta stuli nikakaa hapo mlangoni na kimita changu mapajani, kila mteja anayekuja ananiuliza dada vipi nami namueleza, mteja wa tatu mwenye duka akanibadilishia mwenyewe bila kuongea. Kwahiyo ushauri, kabla hujalipa waambie wakuunganishie hapohapo na kitu kinachokula umeme, pasi ni nzuri, na usiangalie taa tu, subiri uone ile namba nyekundu inasogea. Kwa pasi ya wati 1000 inakuchukua dakika sita namba moja kupita. Dakika sita za kusimama dukani ni bora kuliko nauli ya kurudi.

Ufundi. Fundi elfu kumi kwa chumba, 60. Waya, boksi na vikorokoro 48. Vimita 132. Jumla 240, kila chumba elfu 40. Fundi wetu alisema kazi ya siku moja, ikachukua mbili, kwasababu nyumba hizi za zamani waya zake ni kama ukoo, huwezi kujua nani kazaliwa na nani. Taa ya nesi ilikuwa inatokea kwenye soketi ya Mzee. Soketi ya wanandoa imechukuliwa darini kutoka chumbani kwangu, ndo maana siku nikichomoa ekstensheni wao tivii ilikuwa inazima na mi sijui, wao wanafikiri nawafanyia makusudi. Ilibidi kila chumba kivutiwe laini yake upya kutoka kwenye meni swichi. Fundi akikwambia atafunga bila kutenganisha laini, huyo mkimbie, utalipia feni ya mtu mpaka ufe. Na LUKU yenyewe isiguswe, ile na sili yake ni mali ya TANESCO, hivi vinakaa baada ya hapo kwenye upande wenu.

Haya, tumefunga, vimita sita vimejipanga kwenye ubao koridoni kama picha za marais. Kila mtu kwa wiki ya kwanza akitoka chooni anapitia kuangalia cha kwake na cha mwenzake. Chini ya kioo pameandikwa 1600imp/kWh, boda akatufundisha, maana yake taa ikipepesa mara 1600 ni yuniti moja. Ikawa mchezo. Watoto wa Mama Vitumbua wanakaa chini wanashindana kimita cha nani kinapepesa haraka. Birika la bibi harusi likiwashwa kimita chao kinachachawa, tiki tiki tiki tiki, mara 48 kwa dakika, nami nakiangalia moyoni nasema si mnaona, si nilisema!

Mwisho wa mwezi. Mzee ndo alipewa kazi ya kusoma, mtu mzima, hana upande. Kavaa miwani, boda anaandika kwenye daftari. Akasoma cha kwake, cha nesi, akafika cha boda mwenyewe akasema "mia moja ishirini na tatu." Kimya. Boda anasema Mzee rudia. "Mia moja ishirini na tatu, mwanangu, namba hazidanganyi." Kijana wa watu ana taa moja, feni na chaja! Jasho lilimtoka. Mama Vitumbua akasema mi nilikuwa najua, huyu anachajia watu simu kwa hela. Nesi akasema labda kuna waya umeunganishwa nje. Tukamjadili kijana mbele yake kama dakika kumi hivi, akaapa kwa mama yake mzazi, mpaka bibi harusi akasogea na tochi akainama akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "jamani, hii ya mwisho si nyekundu? Hiyo ni pointi." Kumi na mbili nukta tatu. Mzee kwake na kwa nesi alikuwa ameiruka ile nyekundu, kwa boda kaisoma. Tulicheka mpaka mpita njia akachungulia, ila boda hakucheka siku hiyo.

Basi tukasoma upya, safari hii anasoma bibi harusi. Mzee 9.4. Nesi 21.7. Boda 12.3. Wanandoa 31.5, pamoja na birika, pasi na tivii. Mama Vitumbua 18.2. Mimi 88.6.

Naandika tena mwenyewe kabla hamjaniuliza, themanini na nane nukta sita. Kwa bei ya 356 ni kama elfu 31 na mia tano, na nilikuwa natoa elfu 15 huku nalalamika. Mzee wa watu alikuwa anatoa elfu kumi kwa umeme wa elfu tatu na mia tatu. Yani miaka miwili barafu zangu zilikuwa zinagandishwa na pensheni ya bandari. Na lile birika? Nilikaa na boda tukapiga hesabu, lina wati 1800, linachemsha kwa dakika tano, hiyo ni yuniti 0.15, shilingi 53. Hamsini na tatu. Kinachachawa kwa dakika tano kinanyamaza, wakati cha kwangu kinapepesa polepole hata hukitilii maanani, ila hakinyamazi, mchana usiku, tik, tik, tik.

Jioni nikachukua jagi la ukwaju nikaenda kugonga chumba cha nne. Nikamwambia mdogo wangu nilikukosea, nisamehe. Akapokea jagi akaliangalia, akaniambia "asante dada, ila hata hii juisi imepozwa na umeme wangu." Akacheka, nikacheka. Toka siku hiyo ni shoga yangu.

Kwa upande huo kimita nakipa nyota zote. Kimenifanya nimuite fundi friji, kumbe mpira wa mlango umechakaa, ukifunga mlango karatasi inapita bila kushikwa, baridi yote inatoka nje injini haipumziki. Nilibadilisha mpira, mwezi uliofuata nikashuka mpaka 61.8. Barafu nikapandisha kwa shilingi hamsini, wateja wamenuna wiki moja wamerudi. Na hesabu sasa ni ya kitoto, mwisho wa mwezi unachukua namba ya sasa unaondoa ya mwezi uliopita unazidisha 356, unatuma kwa boda, boda ananunua. LUKU haijaisha usiku hata mara moja. Ile piii piii nimeisahau.

Ila kuna kitu ambacho kimita hakitengenezi na muuzaji hatakwambia. Wengi wanafikiri ukiwa na sabumita utapata umeme wa bei ndogo, ule wa wanyonge wa 9,150 kwa yuniti 75. Hupati. TANESCO wao wanaiona LUKU moja tu inayokula yuniti 180 na kitu kwa mwezi, kwahiyo nyumba nzima mnakaa kwenye tarifu ya kawaida. Mzee na yuniti zake tisa angekuwa na LUKU yake angelipa elfu moja na mia moja hivi, hapa analipa mara tatu yake kwasababu amepanga nyumba moja na friji langu. Na kuvuta LUKU yake mjini ni 320,960, ile bei ya elfu 27 ilibaki vijijini. Hapo hakuna kimita kitakachosaidia.

Na kuna hili la pili, ndo lililonifanya nichelewe kuandika. Ukijumlisha vimita vyote sita mwezi ule unapata 181.7. LUKU ilikula 188. Zile sita na kitu zimekwenda wapi? Taa ya nje, taa ya korido, taa ya choo. Taa za wote, hazipo kwenye kimita cha mtu. Kwa hela ni 2,243, gawa kwa sita, haifiki hata mia nne. Vitumbua viwili. Mnajua tulichofanya? Tuligombana.

Zamani hakuna aliyejua taa ya nje inakula nini, ilikuwa inawaka tu kama mwezi. Sasa kila mtu ana namba yake, kila mtu amekuwa mhasibu. Boda akasema mi narudi na taa ya pikipiki, ya nje ya nini. Nesi akasema usiku mi sipo. Mimi, na aibu yangu yote ya 88.6, nikasema mi nalala mapema na dirisha langu liko uani. Bwana harusi akasema tukigawa sawa siyo haki kwasababu wengine familia kubwa wanaenda chooni mara nyingi, jamani, tulifika huko, kuhesabiana choo! Siku moja balbu ya nje ikawa haipo. Hakuna aliyeitoa, si unajua nyumba hizi, vitu vinajitoa vyenyewe. Baraza ikalala giza wiki mbili.

Mama Vitumbua huwa anaamka saa kumi alfajiri. Unga wa mchele anausaga jana yake, anaukoroga na tui na hamira na iliki, anaulaza kwenye sufuria kubwa uumuke, alfajiri anautoa barazani kwenye jiko la mkaa, saa kumi na moja na nusu wa kwanza wanaanza kununua, makondakta na walinzi wanaotoka lindo. Alfajiri hiyo katoka na sufuria mikononi, giza, boda kaegesha pikipiki yake pale karibu na ngazi. Nilisikia kishindo nikadhani mwizi. Tumetoka wote na tochi za simu, sufuria imelala ubavu, unga mweupe unatiririka taratibu kwenye ngazi mpaka kwenye mtaro, unanukia iliki, na yeye kakaa kwenye ngazi anashika goti. Hakulia wala hakumsema mtu. Alisema tu, "nazi tatu." Boda alisogeza pikipiki, sasa hivi, unga ukiwa umeshafika mtaroni. Asubuhi ile watu wanakuja na visahani wanauliza vitumbua viko wapi, na kila mmoja wetu anatafuta kazi ya kufanya ndani.

Tulichangishana hela ya unga, hiyo ilikuwa rahisi, ajabu eh, elfu mbili mbili zilitoka bila kikao wakati mia nne ilitushinda. Balbu tukasema tutakaa tuzungumze. Hatukukaa.

Kama siku nne baadaye natoka msibani usiku nikakuta taa ya nje inawaka. Nikashukuru nikaingia, nikajua mama mwenye nyumba kapita. Wiki hiyo Mzee akasafiri Tanga kwao, kafuli mlangoni, siku tano hayupo. Siku ya pili mi natoka chooni napita pale kwenye ubao, naona kimita cha Mzee kinapepesa. Nikasimama. Chumba kimefungwa, mtu yuko Tanga, kinapepesa. Polepole sana, nilihesabu kwa simu, kama sekunde mia mbili na hamsini ndo mara moja, huo ni umeme wa balbu moja ya wati 9. Nikaenda nje nikazima swichi ya barazani, nikarudi nikasimama pale kama mlinzi dakika kumi. Kimya. Nikawasha, nikasubiri. Kikapepesa.

Kumbe alimuita fundi mchana sisi tukiwa kazini, kahamishia taa ya nje kwenye laini yake, kanunua na balbu. Nilimwambia bibi harusi, bibi harusi kamwambia mumewe, jioni korido nzima inajua na hakuna anayesema kwa sauti. Za korido na choo zilizobaki tunagawana, haifiki mia mbili kwa mtu, na toka hapo sijasikia mtu anauliza.

Kwahiyo nikisema nyota, kimita chenyewe nakipa nne kwa tano. Moja nakata kwa kile kibovu na kwa ile namba nyekundu, watengenezaji wangeweka hata kinukta kikubwa mtu mzima akaona. Kama una hela kidogo zaidi chukua cha kidijitali, pointi inaonekana yenyewe. Na kabla fundi hajaondoka amueni taa za nje zinaenda kwenye kimita cha nani, muamue siku hiyohiyo akiwa bado na bisibisi mkononi. Duka nalo nyota mbili, ya pili ni ya stuli.

Mwisho wa mwezi uliopita tulisoma kama kawaida. Mzee amepanda, kutoka tisa kwenda 12.6. Boda ndo anaandika siku hizi, akaandika 9.4. Mzee kavaa miwani kachungulia daftari, kaenda kwenye ubao, karudi kwenye daftari. "Mwanangu, hii umekosea. Yangu ni kumi na mbili nukta sita."

Boda hata hakuinua kichwa. "Shikamoo Mzee. Macho yako tunayajua."